Uvimbe wa Taya kwa Mbwa Wachanga na Kadiri ya Kazi ya Kisu



Kadhia niliyokuja kuizungumza mbele yenu ni ya uvimbe unaoota katika mataya ya mbwa wachanga, yaani wale ambao hawajatimiza miaka miwili, na kadiri ya msaada ambao kisu cha daktari wa mifugo kinaweza kuutoa juu ya uvimbe huo. Najua ya kuwa wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya namna hii ni ya anasa, na kwamba katika kaunti ambamo ng'ombe wanakufa kwa ndigana na watoto wanalala na homa ya malaria, taya la mbwa si jambo la kukutanishia watu wazima. Lakini atakayenivumilia hadi tamati ataona ya kuwa habari ya taya la mbwa na habari ya taya la mtoto wa binadamu zimepita katika barabara moja, nayo ni barabara hii hii yetu iendayo Jinja na Kampala. Maneno yangu yote yana kiini kimoja, nami nakitaja mapema ili asikilizaye ajue niendako: uvimbe wa taya la mbwa mchanga usikatwe kabla haujajulikana jina lake, na ukishajulikana kuwa ni wa kukatwa, basi ukatwe mapema na ukatwe vya kutosha.

Nianze na mahali petu. Busia na Malaba ni miji miwili ya kaunti moja, na kila mmoja ni mlango wa nchi. Kwa milango hiyo hupita malori yachukuayo mali ya Uganda, ya Rwanda, ya Sudan Kusini na ya Kongo ya mashariki, na malori hayo hulala, na panapolala mali sharti pawe na ulinzi. Ndipo anapoingia mbwa. Yupo katika yadi za malori, yupo katika maghala ya mahindi na mtama, yupo katika maduka ya jumla, na yupo katika kila boma la Mteso, la Msamia, la Mkhayo na la Mmarachi, akilinda kuku mchana na watu usiku. Aghalabu ni mbwa wa kienyeji, mwenye kujitafutia riziki yake mwenyewe jalalani na sokoni. Wachache ni mbwa wa mbegu kama German Shepherd, walionunuliwa kwa fedha nyingi na wenye maghala. Wote hao hawaujui mpaka. Watafiti wamewahi kuwavisha mbwa wa kaunti hii kola zenye chombo cha kufuatia mwendo wao, ili wajue wazururao wanafika wapi na wanakutana na nani, kwa kuwa maradhi ya mbwa hupita mahali anapopita mbwa mwenyewe. Mnyama afanyaye kazi kubwa hivi kwa ujira wa makombo anastahili angalau kufunuliwa mdomo wake na kuangaliwa, na ni katika mdomo huo, ambao ndio silaha yake na ndio mkono wake, ndimo mara nyingi balaa yake huanzia.

Mdomo wa mbwa mchanga ni mahali pa mageuzi makubwa. Huota kwanza meno 28 ya utotoni, kisha kuanzia mwezi wa tatu au wa nne meno hayo huanza kuanguka moja baada ya jingine, na afikapo mwezi wa saba huwa, akiwa mzima wa afya, amekwisha kupata meno yake 42 ya ukubwani, 20 taya la juu na 22 taya la chini. Katika miezi hiyo ufizi huwa mwekundu, huvimba kidogo na huweza kutoka damu, na yote hayo ni kaida ya maumbile. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa asishtuke kwa kila wekundu auonao. Na kwa sababu hiyo hiyo asijipumbaze kwamba kila uvimbe ni jino linalokuja. Uvimbe wa jino huwa pande zote mbili kwa mfano mmoja na hupungua kwa siku chache. Uvimbe ulio upande mmoja, unaokua juma kwa juma, unaolegeza meno au kuyasukuma kando, unaotoa damu wakati wa kula na harufu mbaya mdomoni, huo una jina lake, na jina hilo sharti litafutwe.

Naona ni insafu hapa nitoke kwa mbwa kidogo niwaeleze kwa nini nalisisitiza jambo la jina, kwa maana funzo hilo lilipatikana kwa machozi ya wazazi wa nchi hizi kabla halijawafaa wanyama. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto wa kiume ambaye mataya yake, juu na chini, kulia na kushoto, yalikuwa yote yamevimba. Muda si mrefu baadaye, alipokuwa akizuru hospitali ya Jinja, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa tulipo, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa sura ile ile. Na mtu mwenye akili ya kutafakari akiona ajabu moja mara mbili huanza kuuliza. Burkitt akauliza, akapekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaitangaza kwa maandishi habari ya saratani hiyo ya mataya ya watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama uvimbe huo unaonekana kwao, na wakaupata ukanda wake: ni nchi za joto na mvua nyingi, nchi zile zile ambamo malaria haikauki mwaka mzima. Busia na Malaba zimo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, walivipata virusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda, navyo vinaitwa kwa majina ya wawili kati yao hata leo.

Sasa sikilizeni lile linalohusu mhadhara huu. Burkitt alikuwa mpasuaji, na silaha ya mpasuaji ni kisu. Lakini kisu hakikuwafaa watoto wale. Uvimbe uliokatwa ulirudi, tena kwa haraka ya kutisha, kwa sababu ulikuwa maradhi ya chembe za damu yaliyoenea mwilini, na taya lilikuwa dirisha tu lililoyaonyesha. Burkitt huko Mulago na Peter Clifford huko Nairobi wakageukia dawa, na kwa dawa kama methotreksati na vinkristini wakaona uvimbe ulioziba jicho la mtoto ukiyeyuka kwa siku chache, na wako watoto waliopona wakaishi. Mwaka 1967 ikaanzishwa Mulago taasisi ya kutibu maradhi hayo, ambayo ndiyo asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Basi mzazi wa Busia au wa Malaba aonaye taya la mwanawe likivimba na meno yakilegea kabla ya wakati wake, asimpeleke kung'olewa meno, bali ampeleke hospitali upesi, kwa kuwa maradhi hayo, yakiwahiwa, yana dawa.

Kwa mbwa wachanga nao hali ni hiyo ya mafungu mawili: uko uvimbe usiotaka kisu kabisa, na uko ambao hauna dawa nyingine ila kisu. Nitayaeleza mafungu hayo kwa tartibu, nikianza na lile la kwanza, kwa maana ndilo linaloonekana zaidi kwetu.

Wa kwanza katika fungu hilo ni chunjua za mdomoni, ambazo wataalamu huziita papiloma. Huletwa na virusi, hupita kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wanapolambana au kula chombo kimoja, na huota midomoni, katika ufizi na juu ya ulimi wa mbwa aliye chini ya miaka miwili, mfano wa koliflawa ndogo nyeupe au za kijivu. Kuzitazama kunatisha, na wengi hukimbilia wembe. Kumbe kinga ya mwili wa mbwa mwenyewe huzifukuza, aghalabu katika mwezi mmoja hadi mitatu, zisiache hata kovu. Ila zikiwa nyingi mno hata mbwa hawezi kula wala kuvuta pumzi vizuri, hapo daktari huziondoa kadhaa.

Wa pili ni unene wa mifupa ya taya uwapatao watoto wa mbwa wa mbegu fulani, hasa wale weupe wadogo wa Scotland waitwao West Highland, kati ya mwezi wa tatu na wa nane. Taya hunenepa pande zote mbili, mbwa hupata homa na hulia akifunuliwa mdomo. Huo si saratani. Hutulizwa kwa dawa za maumivu na chakula laini, na aghalabu hukoma mbwa akaribiapo mwaka mmoja, umri ambao mifupa huacha kukua.

Wa tatu ndio unaotuhusu sana katika miji ya mbwa wazururao. Ni uvimbe wa kuambukiza, ambao kwa kawaida hushika sehemu za siri wakati wa kujamiiana, lakini kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana, chembe zake hupandikizwa katika pua na mdomo, zikaota ufizini nyama nyekundu, laini, yenye kutoka damu. Ajabu ya maradhi haya ni kwamba kinachoambukiza ni chembe yenyewe ya saratani, itokayo mwili wa mbwa huyu ikamea katika mwili wa mbwa yule. Mpasuaji akiukata uvimbe huo hurudi mara nyingi. Lakini sindano ya vinkristini mara moja kwa juma, kwa majuma machache, huponya wengi wao kabisa. Dawa ile ile iliyowafaa watoto wa Mulago, iliyotolewa katika mmea wa maua ya rangi ya waridi uitwao vinka ambao asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, ndiyo imfaayo mbwa wa yadi ya malori hapa Malaba. Itolewe na daktari tu, kwa sababu ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, na inataka hadhari hata kwa yule aishikaye.

Wa nne, nao ni wa kuhuzunisha, ni saratani kali isiyo na sura maalumu ambayo huwapata mbwa walio chini ya miaka miwili, ikaanzia karibu na magego ya juu, kaakaa au tundu la jicho, na kabla mwenye mbwa hajatanabahi imekwisha kufika katika tezi za shingo na viungo vya ndani. Kisu hapo hakina kazi, na daktari mwenye insafu atakwambia hivyo, apunguze maumivu ya mnyama na kumpumzisha pasipo kumtesa.

Sasa nije kwenye fungu la pili. Mwepesi kuliko wote ni mfuko wa maji unaotokana na jino lililokosa njia, likabaki limezikwa ndani ya mfupa. Aghalabu ni lile gego dogo la kwanza la taya la chini, na huonekana sana kwa mbwa wenye nyuso fupi. Maji hujaa polepole, mfupa hulika, hata siku moja taya huvunjika kwa sababu ndogo. Kuliondoa jino hilo pamoja na ngozi yote ya ule mfuko ni kuyamaliza maradhi, na mwenye desturi ya kuhesabu meno ya mbwa wake katika mwezi wa saba atalijua jino lililokosekana kabla halijaleta madhara. Karibu na huo upo uvimbe uliojaa vijino na mifano ya meno, uitwao odontoma, ambao nao ni wa vijana, si saratani, na hupona ukitolewa wote.

Kisha ziko mbili zenye kula mfupa. Moja ni ile saratani ya ngozi ya ufizi ya mbwa wadogo kabisa, ambayo mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliandika habari zake kwa mbwa watatu waliokuwa na umri wa miezi michache tu. Kwa sura yafanana na chunjua, na hapa ndipo pa hatari, kwa kuwa mwenye mbwa aliyesikia kwamba chunjua hupona zenyewe atangoja, ilhali hii haingoji. Huingia mfupani na kuling'oa jino baada ya jino. Ya pili ni ameloblastoma, itokanayo na chembe zile zilizoumba meno, ambayo ingawa huwapata zaidi mbwa wa makamo, haiwaachi vijana. Rehema iliyopo ni kwamba hizi mbili, pamoja na ukali wake katika mfupa, kwa kawaida hazisafiri kwenda mapafuni wala kwingineko. Mahali zilipo ndipo zilipo zote. Na maradhi yaliyo mahali pamoja ndiyo hasa maradhi ya kisu. Fauka ya hizo iko saratani ya nyuzi za nyama, ambayo humpata hata mbwa kijana wa mbegu kubwa, nayo ina hila: wakati mwingine hata darubini huiona ni ya upole, hali inakula taya kwa kasi; kwa hiyo nayo hutaka kisu kipana.

Je, jina hupatikanaje? Kabla ya yote daktari huuliza habari ya chanjo, na naomba hili lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Mbwa ambaye taya lake limelegea, anayetokwa na mate na asiyeweza kumeza, huenda hana uvimbe wala mfupa uliokwama, bali ana kichaa cha mbwa, na mkono ulioingizwa mdomoni mwake kwa huruma umeingizwa katika mauti. Kichaa hicho kilithibitishwa Kenya tangu mwaka 1912, na serikali ilijiwekea mwaka 2014 azimio la kukikomesha kwa watu ifikapo 2030, azimio ambalo halitatimia mpaka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Mbwa na achanjwe afikapo miezi mitatu. Na aliyeng'atwa au kulambwa kwenye jeraha aoshe kwa sabuni na maji ya kutiririka robo saa nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa akiwa salama kwa upande huo, hutiwa dawa ya usingizi mwepesi, mdomo hutazamwa wote, tezi za chini ya taya hupapaswa, na picha za eksirei hupigwa za taya na za kifua. Ijulikane kwamba picha hiyo haionyeshi mfupa kuliwa mpaka sehemu kubwa ya madini yake imekwisha kutoka, kwa hiyo uvimbe sikuzote ni mkubwa kuliko uonekanavyo. Kisha hukatwa kipande cha uvimbe, kwa kina, kutoka mahali pazima wala si palipooza, kikatiwa katika fomalini iliyo mara kumi ya ukubwa wake, na kupelekwa maabara. Kipande hicho hakiozi njiani. Kikifungwa vizuri katika chupa huweza kusafiri kwa basi la usiku mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ilhali mbwa mwenyewe amebaki nyumbani. Hakuna kazi katika habari hii yote iliyo rahisi kuliko hii, wala hakuna iachwayo mara nyingi kuliko hii.

Jina likitoka, na likiwa ni la kukatwa, matayarisho huanzia katika damu. Nchi hii ni ya kupe na ya mbung'o. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta maradhi yapunguzayo vile vigandisha damu, na mbung'o huleta nagana ikaushayo damu yenyewe. Mbwa anaweza kutembea na kula akiwa na maradhi hayo, lakini akiwekwa chini ya kisu damu yake haitasimama. Basi damu hupimwa kwanza, maradhi hayo hutibiwa, na mbwa mwingine mzima huwekwa tayari awe mtoaji wa damu. Mtoto wa mbwa hanyimwi chakula usiku kucha kama mkubwa, kwa sababu sukari yake hushuka upesi.

Upasuaji wenyewe una kanuni ambayo wapasuaji wa wanyama waliipata barabara katika miaka ya 1970 na 1980, na maandishi ya Stephen Withrow na David Holmberg ya mwaka 1983 juu ya kukata taya la chini ni katika yale yaliyoifungua njia. Kabla ya hapo uvimbe ulikuwa ukikwanguliwa juu ya ufizi, nao ukarudi, kama ndago shambani ikifyekwa majani na kuachwa kiazi chake udongoni. Kanuni ni kuukata uvimbe pamoja na mfupa mzima unaouzunguka: kwa ameloblastoma kiasi cha sentimita moja kila upande, na kwa saratani iliyo kali zaidi sentimita mbili. Mbwa hulazwa kwa nusukaputi, mpira wa hewa huingizwa kooni na koo huzibwa kwa shashi ili damu isiingie mapafuni, na neva ya taya hutiwa ganzi ili maumivu yazuiwe kabla hayajaanza. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo umo mshipa wa damu. Mpasuaji mwenye ujuzi huutafuta, huufunga, ndipo akaukata, na asiyeujua huko ndiko atakakompotezea mnyama. Mwisho nyama ya ndani ya shavu na mdomo huvutwa ikafunika mfupa, ikashonwa kwa matabaka mawili pasipo kukazwa, kwa nyuzi ziyeyukazo zenyewe. Na kile kilichokatwa hupelekwa maabara chote, kingo zake zikiwa zimetiwa wino, ili ijulikane kama chembe za maradhi zimeufikia ukingo.

Wenye mbwa huogopa sana wasikiapo kwamba taya litakatwa, na hofu yao ni ya haki, lakini mbwa huyastahimili mambo haya kuliko tunavyodhani. Aliyetolewa sehemu ya mbele ya taya la chini hula mwenyewe baada ya siku moja hadi tatu, na manyoya yakiota hata mgeni hatambui. Aliyetolewa nusu ya taya ulimi wake huning'inia upande huo, mate humtoka, na nusu iliyobaki husogea katikati hata chonge ya chini ikagonga kaakaa, na chonge hiyo daktari huifupisha. Kwa mbwa mchanga liko jambo la kuzidi: taya linaloendelea kukua linaweza kwenda upande, kwa hiyo huangaliwa mara kwa mara mpaka ukuaji utimie. Katika Chuo Kikuu cha California, huko Davis, wapasuaji wamefika mahali pa kuotesha mfupa mpya katika pengo la taya la mbwa kwa bamba la titani na dawa ya kuchochea mfupa. Hayo ni ya kutiliwa moyo, lakini mbwa wa Busia hahitaji kuyangojea ili apone.

Baada ya kisu kazi inabaki kwa mwenye mbwa. Chakula kiwe laini kwa majuma mawili hadi manne: ugali uliolowekwa katika mchuzi na omena ya kusagwa, ukafanywa matonge, kwa kuwa tonge humezwa vyema kuliko uji. Mifupa na vijiti viondolewe, na kola pana ivishwe shingoni asijikwaruze. Nawasihi sana msimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kila duka la mpakani linaziuza, hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Kisha arudishwe kwa daktari baada ya majuma mawili, na baadaye kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza.

Lililobaki ni swali la wapi na nani. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, upasuaji wa namna hii ni wa daktari aliyesajiliwa; mwuza dawa za mifugo na mchanjaji wana heshima na kazi zao, lakini taya si kazi yao. Miongoni mwa hospitali za kufundishia zimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, na ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na kwa mtu wa Busia au Malaba Kampala ni karibu kuliko Nairobi kwa kama nusu ya njia. Mpaka ambao mbwa huuvuka usiku bila kuulizwa, mwenye mbwa anaweza kuuvuka mchana pamoja naye kwa hati ya chanjo na vibali vya madaktari wa serikali. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi, mzigo wa lori hukaguliwa mara moja kwa nchi zote mbili. Sioni kwa nini idara za mifugo za Kenya na Uganda zisipatane vivyo hivyo juu ya mnyama mgonjwa apelekwaye kutibiwa, wala juu ya kuchanja mbwa wa pande mbili katika juma moja, badala ya kila upande kuchanja wake na kuwaacha wa mwenziwe wazurure kati.

Nami nina maombi matatu, ambayo si mazito. Wenye mbwa, fungueni midomo ya mbwa wenu mara moja kila mwezi tangu wangali wadogo, mkiwa mmekwisha kuwachanja, na uvimbe wa upande mmoja usiopungua katika majuma mawili mpelekeeni daktari. Wenye yadi na maghala, mliokwisha kuhesabu gharama ya kufuli na ya taa, hesabuni na ya mbwa, kwa sababu kumtibu mapema ni nafuu kuliko kumfundisha mwingine. Na ninyi viongozi wa kaunti, wekeni katika ofisi za mifugo za Busia na Malaba chupa za fomalini na utaratibu wa kupeleka vipande maabara. Ni gharama ndogo mno, na pasipo hiyo ujuzi wote nilioueleza hapa unabaki Kabete na Makerere, ilhali mbwa anakufa hapa kwa maradhi ambayo yangekwisha kwa asubuhi moja ya kazi.